Kibuyu cha Shangazi Apolonia

Nilizijua pumzi za Lusungu miezi mitano kabla ya kulijua jina la baba yake.

Kazi yangu ndiyo hiyo. Nilisomea afya na usalama kazini miaka mitatu chuoni, nikaishia kwenye kibanda cha getini cha kampuni moja ya mabasi ya wafanyakazi kule Mikocheni, kipima ulevi mkononi na daftari kubwa mezani. Dereva hapewi ufunguo mpaka asimame mbele yangu apulize, nami niandike namba. Kwetu namba inayokubalika ni moja tu, sifuri. Sauti yangu ni ndogo, na ninaona haya kumwamuru mwanaume mtu mzima apulize, kwa hiyo nilikuwa nanyanyua tu kile kifaa na kutazama pembeni. Madereva wengine walipuliza huku wakiangalia simu zao. Lusungu alipuliza akiniangalia mimi.

Alfajiri moja ya Machi kifaa kikatoa namba. Aliyepuliza alikuwa Lusungu.

"Umekunywa, kaka?"

"Sijanywa, sista. Naapa kwa mama yangu aliyeko Tukuyu."

"Hiki kifaa hakina sababu ya kukusingizia."

Akainama mpaka usawa wa dirisha. "Nimesukutua dawa ya mdomo. Ile ya bluu."

"Alfajiri yote hii unasukutua dawa ya nini?"

Akatazama viatu vyake. "Si wewe ndiye unayepuliziwa?"

Utaratibu unasema mtu wa hivyo akae dakika kumi na tano bila kutia kitu kinywani, halafu apimwe tena, kwa sababu kilevi cha ile dawa kinabaki mdomoni tu, hakijafika kwenye damu. Akakaa kwenye benchi langu dakika zote kumi na tano. Zilipokwisha kifaa kilisema sifuri, na mie nilikuwa nimeshacheka mara tatu, jambo ambalo sikumbuki kulifanya nikiwa kazini. Meneja hakucheka. Aliliandika jina la Lusungu kwa wino mwekundu, akasema namba ya pili, iwe ya dawa au ya bia, atarudisha sare na kwenda zake.

Ndiyo maana Jumamosi ya posa yangu nilikuwa jikoni kwetu Kinondoni nikilia mbele ya vitunguu ambavyo sijaanza kuvikata.

Posa ilipangwa Jumapili, siku ambayo Lusungu hakuwa na zamu. Lakini Shangazi Apolonia, dada yake baba, aliingia Ijumaa kutoka Bukoba na kibuyu kikubwa cha lubisi, ile pombe yetu ya ndizi, pamoja na dumu la kukijazia. Kibuyu amekipakata safari nzima kama mtoto mgonjwa. Akatangaza kwamba anaondoka Jumapili alfajiri. Baba akasogeza posa hadi Jumamosi saa sita mchana. Dereva mwenzake Lusungu, Fakihi, akakubali kumshikia zamu. Saa nne asubuhi mke wa Fakihi akajifungua mapacha.

Lusungu alikuja uani akijifanya anatafuta maji ya kunawa, nami nikatoka nikamfuata. Shati jeupe, tai ya kuazima, macho ya mtu anayekwenda kung'olewa jino.

"Editha," akaninong'oneza, "saa kumi jioni lazima niwe kwenye basi. Watu arobaini na wawili, mpaka Mbagala."

"Najua. Na mie naingia saa tisa na nusu kuwapima."

"Kwa hiyo utanipima wewe."

"Mie."

"Nikitoa namba?"

"Nitaiandika, Lusungu."

 Hakukasirika. Nadhani hapo ndipo nilipompenda kwa mara ya pili, maana aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia jibu alilolitaka.

"Basi nihesabie," akasema. "Nyie mmesoma. Ninywe kiasi gani nibaki salama?"

Nikageuza risiti ya unga, nikachukua kalamu. "Una kilo ngapi?"

"Sitini na nane. Na hii tai, sabini."

"Tuseme lubisi ina asilimia tano ya kilevi. Nusu lita ni karibu gramu ishirini. Kwa mwili wako hiyo inaleta miligramu arobaini na tatu hivi katika kila mililita mia za damu. Ini linaondoa kama kumi na tano kwa saa, kwa mtu wa wastani. Ukimaliza kunywa saa saba, ikifika saa kumi uko mpakani."

"Mpakani mwa nini?"

"Mwa sifuri na kurudisha sare."

"Nikioga maji ya baridi? Kahawa? Supu ya pweza?"

"Utakuwa mtu aliyeoga, kanywa kahawa na supu, na kilevi chake kiko palepale. Ini haliharakishwi."

Mama, aliyekuwa akigeuza ndizi jikoni, akapenyeza kichwa mlangoni. Mama yangu anaitwa Anjelina, na hasikilizi maongezi ya watu, ila masikio yake yanamponyoka. "Hiyo asilimia tano mmeitoa wapi? Wifi kaipika Jumatatu. Imekaa siku tano, mbili ndani ya basi kwenye joto. Mie asubuhi nilikiinamia tu kile kibuyu, macho yakatoa machozi."

Nikaikunja ile risiti. Chupa ya bia ina karatasi inayokuambia nguvu yake. Kibuyu hakina. Na huwezi kupata jibu sahihi kutoka kwenye namba usiyoijua.

"Hata funda moja usinywe," nikamwambia.

"Na baba yako?"

Hapo ndipo palipouma. Katika ukoo wa baba, siku ya posa baba wa binti na mchumba wanakunywa kibuyu kimoja kwa mirija miwili ya matete, vichwa vimekaribiana. Baba anasema ukishakunywa na mtu uso kwa uso unamjua. Dada yangu Demetria aliwahi kuletewa posa na mhasibu mmoja wa Mbweni aliyeomba glasi ya juisi. Baba alimrudishia barua yake kabla barafu haijayeyuka. "Anayekiogopa kibuyu changu," alisema, "ana kitu anachoogopa kukisema."

"Mwambie ukweli tu," mama akamshauri Lusungu.

"Nimwambie nini, mama? Kwamba kazini niko kwenye wino mwekundu kwa kusukutua mdomo? Siku ya kwanza?"

Mama akafikiri. "Hapana. Hilo lisubiri mjukuu wa kwanza."

Tukasikia baba anaita kutoka sebuleni. Lusungu akanawa mikono ambayo ilikuwa mikavu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Nitavuta hewa."

"Hewa?"

"Nitauziba mrija kwa ulimi. Mashavu yanaingia ndani, kitu hakipandi."

Sikuwa na wazo bora zaidi. Lakini kabla sijakipeleka kibuyu sebuleni, nilikiweka kwenye mzani wa mama, ule anaopimia senene, wale panzi wa kukaanga anaowauza. Kwenye mrija huwezi kujua ukubwa wa funda, lakini uzito unaweza kuupima. Kilo tatu na gramu mia sita, kibuyu na kilichomo. Nikaandika kiganjani.

Sebuleni baba alikuwa kwenye kiti chake, kanzu nyeupe na koti juu, mwalimu mstaafu anayewaangalia watu wote kama hawajamaliza kazi ya nyumbani. Kulia kwake Shangazi Apolonia, ana kibuyu chake kidogo cha peke yake alichokuwa amekianza mapema. Mbele yao Lusungu, na pembeni baba yake mdogo, Mzee Petro, aliyekuja kama mshenga. Mzee Petro ni mlokole. Alikuwa ameikumbatia Biblia.

"Mzee Petro tunakusamehe," baba akasema nilipokiweka kibuyu chini. "Wewe una ruhusa kutoka juu. Kijana naye ameokoka?"

"Huyu bado tunamwombea," akasema Mzee Petro.

"Vizuri. Msiharakishe."

Shangazi akaonja kwanza, kama desturi inavyotaka, akafumba jicho moja. "Waitu, hii imeiva. Kaka, tangu lini umekunywa ya nyumbani? Maana nasikia mkikaa sana Dar mnakuwa watu wa soda."

"Mimi?" Baba akajivuta mbele. "Lete mrija."

Wakainama wote wawili. Mashavu ya Lusungu yakaingia ndani. Mashavu ya baba yakaingia ndani. Lusungu akafuta mdomo, baba akafuta mdomo na kulamba midomo kwa sauti.

"Tamu, baba," akasema Lusungu.

"Inapanda taratibu," akajibu baba.

Nilitakiwa kukaa kwenye mkeka na kuinamisha macho. Niliyainamisha kwa kiasi cha kuona mashavu. Barua ya posa ilisomwa, sikusikia neno. Lusungu alivuta, nikahesabu moja. Akavuta tena, mbili. Kila alipoinua kichwa alinitazama haraka, nami nilijaribu kusoma machoni mwake kama ameziba au hakuziba. Usipime mtu unayempenda kwa macho. Nilivyomwona anang'aa nikadhani ni lubisi, baadaye nikakumbuka huwa anang'aa hivyo hata saa kumi na moja alfajiri.

"Anavuta huyu," Shangazi Apolonia akamsifia. "Tazama shingo. Kaka, angalia, asikuache nyuma."

"Aniache nani?" Baba akainama tena, akavuta kwa muda mrefu mpaka mishipa ikatokeza kwenye paji la uso.

Mafunda kumi na moja ya Lusungu. Kumi na nne ya baba. Kama kila moja ni la kweli, nikajiambia, saa kumi jioni nitaandika namba kwa mkono wangu mwenyewe, na mchumba wangu ataondoka getini bila kazi, na watu arobaini na wawili watasimama juani wakisubiri dereva. Nikashindwa kuvumilia. Nikasema nakwenda kukifuta kibuyu umande, nikakibeba mpaka jikoni, nikakipandisha kwenye mzani.

Kilo tatu na gramu mia tano tisini.

Nikakishusha, nikakipandisha tena.

"Mama, mzani umeharibika."

Mama akaweka juu yake pakiti ya senene ya robo. Mzani ukasema robo. "Mzima. Kwani vipi?"

"Kibuyu kimepungua gramu kumi. Vijiko viwili vya chai. Na wamevuta dakika arobaini."

"Si umesema Lusungu anavuta hewa?"

"Lusungu ndiyo. Lakini baba, mama. Baba amevuta mara kumi na nne."

 Mama akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, taratibu, kama mtu anayeletewa habari kutoka mbali. "Ndiyo maana," akasema. "Ndiyo maana ana vidonge kwenye kasha la miwani. Akaniambia ni vya macho. Nikasema mbona macho yenyewe hayamezi."

"Anaumwa?"

"Mtu anaumwa na kukimbia mchakamchaka kila asubuhi? Huyo kaambiwa na daktari aache pombe. Na mbele ya dada yake anaona aibu kusema." Alifunika mdomo kwa upindo wa kanga, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka mpaka amekosa sauti. "Mungu wangu. Wamekaa pua kwa pua wanadanganyana."

"Tufanyeje?"

"Kirudishe. Wanaume wakidanganyana kwa heshima, waache. Saa nane tunapakua ndizi, saa tisa mchumba wako anaondoka, kila mtu na sifuri yake."

Ingekuwa hivyo, kama si Shangazi Apolonia. Nilipokiweka tu kibuyu chini, yeye akainuka na kata iliyojaa. Kwao, katikati ya kunywa, shangazi wa binti huongeza pombe kwa mkono wake, kuonyesha kwamba nyumba haijapungukiwa. Akamimina bila kuangalia ndani.

Lubisi ikapanda mpaka mdomoni mwa kibuyu, ikafurika, ikashuka kwenye kitambaa cha mezani alichofuma mama, ikatambaa kwenye zulia hadi kwenye viatu vya Mzee Petro. Mzee Petro akainua miguu yote miwili juu, akakaa hivyo.

Shangazi akachungulia. Akachovya kidole. "Nani hanywi hapa?"

 Nilimwona baba akimtazama Lusungu, na sijawahi kuyaona macho ya baba yakiwa namna ile, macho ya mwanafunzi aliyekutwa na karatasi ya majibu. Lusungu naye aliyaona. Amekaa mbele yake dakika arobaini, pua kwa pua. Mtu anayeziba mrija anamjua mwenzake anayeziba.

"Ni mimi, shangazi," akasema.

"Wewe."

"Mimi peke yangu. Baba alikuwa anakunywa vizuri tu."

Hasira haijui kutoa wala kujumlisha. Shangazi hakujiuliza alichokunywa kaka yake kimeenda wapi. Alishika kiuno. "Nimekipakata kibuyu hiki kutoka Bukoba, miguu imekufa ganzi, abiria mwenzangu akaniuliza kama ni mjamzito. Halafu wewe unakaa hapa unakibusu. Kaka, mrudishie barua yake."

Baba aliitazama barua mezani. Kona moja ilikuwa imeanza kulowa. "Apolonia, tusi..."

"Yule wa juisi ulimrudishia. Huyu ana pembe?"

Mzee Petro akaanza kutafuta mahali pakavu pa kukanyaga ili ainuke. Lusungu hakunitazama. Alikuwa akiinyoosha ile tai ya kuazima, mara moja, mara mbili, kama anajiandaa kuirudisha kwa mwenyewe.

"Si kweli," nikasema.

Hakuna aliyenisikia. Nikasema tena, nadhani nilisema. Shangazi alikuwa ameshaichukua barua. Basi nikafanya kile ninachokiweza. Nilikwenda jikoni, nikachukua mzani, nikaja nao sebuleni nikauweka katikati ya meza, juu ya kitambaa kilicholowa, mbele ya wazee. Nikakinyanyua kibuyu nikakiweka juu.

Watu hunyamaza mbele ya mzani. Sijui kwa nini.

"Kilo tatu na gramu mia sita," nikasema, nikawaonyesha kiganja changu. "Ndivyo kilivyokuwa kabla hamjaanza. Nilipokitoa sasa hivi kilikuwa kimepungua gramu kumi. Kama Lusungu hakunywa, na baba amekunywa, basi kingepungua alichokunywa baba."

Jicho la shangazi lilihama polepole kutoka kwenye mzani hadi kwenye kiganja, kutoka kwenye kiganja hadi kwa kaka yake.

"Editha," akasema baba.

"Abee, baba."

"Unampima baba yako?"

"Hapana, baba." Machozi yalikuwa yanakuja. "Lusungu anasingiziwa. Anajisingizia mwenyewe."

Baba akavua miwani. Alilifungua kasha lake, akatoa karatasi ya vidonge akaiweka karibu na mzani, kama anayeongeza jiwe la kupimia. "Ini," akasema. "Miezi miwili sasa. Daktari amesema hata tone. Nilisema nitamwambia Apolonia akishaondoka."

"Akishaondoka?" Shangazi alikaa chini. "Unamwambia mtu habari akishaondoka?"

"Ungesema nimekuwa mtu wa soda."

"Ningesema, ndiyo. Ningesema halafu ningekupikia chai. Unataka nikuzike na kibuyu changu mwenyewe, watu waseme nilikuja nacho mapajani?" Sauti yake ilikatika katikati. Akapenga kwa kitenge, kisha akamgeukia Lusungu kwa ukali uliobaki. "Na wewe? Ini la nani linakusumbua?"

"La kwangu zima, shangazi. Saa kumi jioni nina basi. Watu arobaini na wawili."

"Wangapi?" baba akauliza.

"Arobaini na wawili, baba. Mmoja mjamzito, huwa anakaa nyuma yangu."

"Na nani anakupima?"

Lusungu akaninyooshea kidole, kwa heshima, kwa mkono mzima. Baba akanitazama. "Ungemwandika?"

"Ningemwandika, baba."

"Huku unalia?"

"Huku nalia."

Baba aliirudisha miwani machoni, akaichukua barua kutoka mikononi mwa dada yake, akaipungia hewa ikauke. Lakini Shangazi Apolonia alikuwa bado anakiangalia kibuyu.

"Yote sawa," akasema. "Nimewasikia. Ila pombe ya posa haimwagwi wala hairudi dumuni. Isiponyweka, binti hajaposwa. Nani atainywa? Huyu wa Biblia?"

Mzee Petro, miguu bado juu, akasema, "Ndaga fijo, mama, nashukuru sana. Hapana."

Sasa wote walitaka na hapakuwa na njia. Hapo mlango wa jikoni ukafunguka. Mama alikuja akijifuta mikono, akakaa kwenye mkono wa kiti cha baba, akauchukua mrija wake.

"Siku ya harusi yangu, wifi, wewe mwenyewe uliniambia mume na mke mdomo wao mmoja."

"Nilisema?"

"Ulikuwa umelewa, lakini ulisema." Akainama akavuta. Safari hii povu lilitikisika kweli, na likashuka. Mama alifumba macho, akayafumbua, akakohoa kidogo. "Wifi, hii umeipika na nini?"

Baba alimtazama mkewe kama anayemwona akishuka kwenye basi la kwanza kutoka Bukoba. Mama hanywi. Mara ya mwisho ilikuwa siku hiyohiyo ya harusi, miaka thelathini na mmoja iliyopita.

"Upande wa bibi harusi umepata mtu," akasema shangazi. "Upande wa bwana harusi je?"

Nilisogea. Nilitaka kusema mimi, kisha nikakumbuka na mie nina zamu, na anayepima hupuliza wa kwanza. Lusungu aliniona nikisogea, akatikisa kichwa. Tulitazamana mpaka Shangazi Apolonia akaguna.

"Haya, mtatoboana macho." Akauchukua mrija wa Lusungu, akaufuta kwa kidole gumba. "Shangazi hunywa upande anaoupenda. Mimi leo ni Mnyakyusa."

"Subirini," nikasema, na safari hii kila mtu alisikia, hata mie nilijisikia. "Kuleni kwanza. Tumbo tupu linaipeleka yote kwenye damu kwa mara moja. Na kila mkivuta kidogo, maji glasi moja. Na hakuna anayetoka na gari leo."

"Niendeshe nini?" akauliza shangazi. "Hata baiskeli sina."

"Mama ana kilo hamsini na tano, shangazi. Wewe una..."

"Ukiitaja namba hiyo mbele ya wageni, nakirudisha kibuyu Bukoba."

Sikuitaja. Nikaleta ndizi kwa nyama, nikaleta jagi la maji na glasi mbili, nikakaa na risiti yangu ya unga pembeni nikiandika. Mawifi wawili wakainamisha vichwa kwenye kibuyu kimoja, wakianza na habari za harusi ya zamani na kuishia na siri za baba za ujana, ambazo Mzee Petro alizisikiliza kwa makini kwa ajili ya maombi. Baba alikunywa chai. Lusungu alikunywa chai. Walitakiana heri kwa kuinua vikombe, na nilisikia jinsi walivyomeza.

Saa tisa kasoro Lusungu akaaga. Pikipiki aliyoipigia simu ilikuwa tayari inanguruma nje, dereva wake mwanaume wa makamo mwenye kofia mbili, moja kichwani, moja mkononi. Mie ningefuata baada ya kuosha vyombo. Baba akasema atamsindikiza mgeni, jambo ambalo hajalifanya tangu aliponunua luninga. Nikawafuata hatua chache nyuma, na sinia mikononi, nikijifanya nakwenda kumwaga maganda.

"Ulijua tangu lini?" nilimsikia baba akiuliza.

"Funda la tatu, baba."

"Na ukakubali kubeba."

"Ulikuwa nyumbani kwako, baba. Mbele ya dada yako."

 Baba aliikunja ile barua ya posa mara mbili na kuitia mfuko wa ndani wa koti, ule anaowekea kitambulisho chake. Lusungu alikwishaivaa kofia na kuupitisha mguu juu ya pikipiki, ananitafuta kwa macho nyuma ya bega la baba, ndipo baba alipoushika usukani.

"Zima kwanza," akamwambia dereva.

Dereva akazima. Baba akainama, akamsogezea uso karibu, pua kwa pua, kama alivyozoea, akavuta pumzi ndefu. Akafikiri. Akavuta tena.

"Mzee, kuna nini?" dereva akauliza.

"Vitunguu tu," baba akasema, akauachia usukani. "Nenda naye taratibu. Huyo unayembeba ni mkwe wangu."